Kidole cha bibi na ujira wa afisa ustawi

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwishoni mwa mwaka 2023, na tangu Serikali izindue Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikisha wahudumu 137,294 nchi nzima, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna maneno yanayojirudia kwenye vikao vya mtaa, misibani na hata kwenye daladala za Uyole. Yanasema wazee sasa wamepata watu wao: bima itawatibu, mhudumu atawapitia nyumbani, kwa hiyo afisa ustawi wa jamii upande huo hana kazi tena. Kijana aliyemaliza masomo ya ustawi wa jamii akisema anataka kufanya kazi na wazee, nusu ya ndugu zake humuuliza kama alikosa kozi nyingine. Nusu iliyobaki humpa pole kwa maneno matamu: huo ni wito, Mungu atakulipa.

Nadhani pande zote mbili hazijaielewa kazi yenyewe. Anayesema kazi imekwisha anadhani shida ya mzee ni ugonjwa peke yake. Anayesema ni wito anadhani utamu wa kazi hii unatoka kwenye huruma, kwamba ukiwa na moyo laini umeshaifahamu. Mimi naona kazi hii ina malipo makubwa ndani yake, tena malipo ambayo watu wa kazi nyingine wangeyatamani, lakini yanatokana na ufundi. Fundi asiye na zana wala nafasi ya kufanya kazi yake haonji malipo hayo, hata awe na huruma kiasi gani. Ndiyo maana neno "wito" linanisumbua. Linasifu moyo wa mtu huku likimnyima vifaa, na kijana aliyeingia kwenye kazi hii kwa shauku anachoka kabla hajaonja kilichomo.

Tuanze na haki zilizopo, maana ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Kuna matibabu bila malipo kwa mzee asiye na uwezo, kuna madirisha ya wazee hospitalini, kuna mabaraza ya wazee, kuna ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini. Sheria ya bima nayo imewakumbuka wasio na uwezo. Sasa jiulize kila haki kati ya hizo inafunguliwa na nini. Inafunguliwa na karatasi: umri uliothibitishwa, kitambulisho, jina lililoandikwa sawasawa, namba ya simu iliyosajiliwa, na mtu wa kusema kwamba kweli mama huyu hana uwezo. Mkulima wa viazi aliyezaliwa zama ambazo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya mjini hana hata kimoja kati ya hivyo, au anacho kilichokosewa. Daktari hawezi kumtengenezea. Mhudumu wa afya anaweza kugundua kwamba anakosa, na hilo ni jambo jema sana, lakini baada ya kugundua atahitaji mtu wa kumkabidhi shauri hilo.

Nilifuatana siku moja na afisa ustawi katika kijiji kimoja kando ya reli ya TAZARA, mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado haujainuka saa nne asubuhi. Tulikwenda kwa bibi mmoja ambaye kitambulisho chake kilisema amezaliwa mwaka 1969. Kwa hesabu ya karatasi alikuwa bado hajafika uzee. Kwa macho, hata mtoto angemwamkia shikamoo kutoka mbali. Afisa hakubishana na kadi. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akaanza kuuliza taratibu, kama mjukuu aliyekuja kusikiliza hadithi. "Bibi, Azimio la Arusha lilipotangazwa ulikuwa umeshaolewa?" Nilikuwa nimeolewa. "Na Wachina walipopitisha reli hapa, ulikuwa na watoto wangapi?" Wawili, na wa tatu tumboni, baba yao alipata kibarua kule kwenye tuta. Azimio ni la 1967, reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Pale jikoni, kwa maswali mawili na mengine madogo ya kuhakikisha, afisa alikuwa ameshapata umri ambao angeweza kuutetea mbele ya ofisi yoyote, na akauandika pamoja na majina ya majirani wawili wa rika la bibi ambao wangethibitisha.

Kisha ukaja mtihani wa kidole. Laini ya simu ya bibi ilitakiwa isajiliwe kwa alama za vidole, na vidole vyake vilikuwa vimelainika kama kokoto za mtoni kwa miaka ya jembe. Mashine ya wakala ilikataa dole gumba, ikakataa kidole cha shahada, ikakataa tena. Nimeona watu wengi wakiishia hapo na kumwambia mzee arudi wiki ijayo. Afisa aliomba maji ya uvuguvugu, akamwosha bibi mikono, akampaka mafuta ya kupikia kidogo, akayafuta kwa pindo la kanga, akamwambia asikandamize sana, aweke kama anayegusa shavu la mtoto. Wakahamia mkono wa kushoto. Kidole cha pete kikakubali. Bibi aliitazama ile mashine kwa muda, akauliza kama na mume wake, aliyefariki miaka mingi nyuma, yumo humo ndani.

Nimeyaeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo malipo yalipo, na sijaona yakielezwa vizuri popote. Kazi nyingi za ofisini humnyima mtu nafasi ya kuona mwisho wa alichokianza. Mwalimu husubiri miaka. Karani huona faili likienda ghorofa ya juu asijue likaishia wapi. Afisa ustawi aliyekaa na mzee asubuhi anaweza kuona, siku hiyohiyo, haki iliyokuwa maneno ndani ya Katiba ikigeuka kuwa kitu mkononi mwa mtu. Na anajua kwamba yeye ndiye aliyejua swali la kuuliza na kidole cha kujaribu. Hiyo ni furaha ya fundi, ileile anayoipata seremala mlango ukifunga bila kusugua. Wasiowahi kuionja huiita huruma, maana ndilo neno walilonalo.

Kuna sura nyingine ya kazi hii ambayo ni ya mikoa yetu hasa. Watu wakisema "mzee" kwenye mijadala ya ustawi humwona mtu asiye na kitu. Njombe, Mufindi na Rungwe mambo sivyo yalivyo. Wako wazee wenye ekari za misindano zilizopandwa zamani, wenye mashamba ambayo leo yanatafutwa kwa parachichi, wenye viwanja ambavyo mji umevifuata vilipo. Mzee huyo ana mali, ila uamuzi umeanza kumtoka mikononi. Dalali anakuja na karatasi, anaongea na kijana wa nyumbani, na mzee anaitwa mwishoni aweke dole gumba. Hapo afisa ustawi anafanya jambo dogo ambalo ndugu wengi hawalipendi: anaomba azungumze na mzee peke yake. Anamsomea karatasi polepole, kwa lugha anayoielewa, kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ya ufundi, maana mzee wa huku hatasema hapana kwa haraka mbele ya mgeni. Atazunguka kwanza kwenye habari za mvua na za bei ya mbolea. Ukimsubiri, utalisikia neno lake. Mmoja alisema miti yake haijafika umri, na yeye ndiye aliyeipanda, kwa hiyo anajua. Biashara ile ikasimama. Kwangu mimi hakuna huduma kubwa zaidi unayoweza kumpa mtu mzima kuliko kumrudishia neno lake likasikika nyumbani kwake, na afisa aliyelishuhudia hilo huondoka na kitu ambacho hakiandikiki kwenye taarifa ya robo mwaka.

Sasa tuzitazame hoja zinazopinga, maana zipo na nyingine zina uzito. Ile yenye uzito kuliko zote inasema hivi: badala ya kulipa mishahara ya maofisa, wapeni wazee wenyewe fedha. Zanzibar walianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi bila kujali alikuwa mwajiriwa au mkulima, na kiasi hicho kimepandishwa baadaye. Bara hatujafika huko, na wakulima wetu wengi hawakuchangia mfuko wowote wa hifadhi ya jamii. Naikubali hoja hii karibu yote. Ningeulizwa nichague kimoja, pensheni ya wazee wote au maofisa wapya, ningechagua pensheni. Lakini hata fedha inayotolewa kwa kila mzee huhitaji mtu wa kuthibitisha umri, na tumeshaona jikoni kwa bibi hilo linavyofanyika. Halafu fedha ikishaingia kwenye simu, simu inashikwa na nani? Kama ni mjukuu anayejua namba ya siri na bibi haijui, pensheni hiyo ni ya mjukuu. Kwa hiyo pensheni ikija, na ninaomba ije, kazi ya ustawi itaongezeka.

Hoja ya pili inasema ukoo unatosha. Ina ukweli ndani yake: wazee wetu wengi wanaishi na watu wao, na ndivyo wanavyotaka. Afisa mzuri hushinda akiutafuta ukoo huo, hauchukulii nafasi yake. Lakini ukoo wa Nyanda za Juu Kusini una pengo la katikati ambalo hatulisemi kwa sauti. UKIMWI ulipita hapa kwa ukali kuliko sehemu nyingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe ikiongoza nchi kwa asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea kuwa na virusi vya UKIMWI, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Leo dawa zipo na watu wanaishi, namshukuru Mungu kwa hilo. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 dawa hazikuwepo. Mabibi wa Makete walizika watoto wao wakabaki na wajukuu, wakawalea kwa viazi na kwa jembe. Wajukuu hao sasa ni watu wazima, wengi wako Mbeya, Tunduma na Kariakoo kwenye biashara, kama ilivyo desturi ya vijana wa kule. Bibi aliyelea mara mbili amebaki mlimani kwenye baridi. Mtu wa kati ambaye kwa mila ndiye angemtunza, yule mwana au binti wa miaka 50, kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Kumwambia bibi huyo kwamba ukoo unatosha ni kumkumbusha msiba.

Na ile picha kwamba zamani kila mzee alizungukwa na wanawe usiku na mchana nayo ina walakini. Kwa Wanyakyusa wa zamani vijana wa kiume walihama kwa wazazi, wakajenga kijiji chao na wenzao wa rika, na waliendelea kuishi na rika hilo hadi uzeeni. Wana neno, ukwangala, la ile raha ya kukaa na wenzako mkizungumza na kula pamoja. Baadaye wanaume wengi wa Rungwe na Kyela walikwenda kwa mikataba ya Wenela, wakala wa kuajiri vibarua, kwenye migodi ya Afrika Kusini, wakaacha wazee na wanawake nyumbani, hadi njia hiyo ilipofungwa baada ya uhuru. Wachache waliobaki kati yao wamepita miaka 80, na ukiwakuta kwenye hali nzuri watakuamkia kwa Kifanagalo cha mgodini na kucheka hadi machozi yawatoke. Nawataja kwa sababu maofisa kadhaa wameniambia jambo lilelile: ukimuuliza mzee anakosa nini, mara nyingi hataji chakula wala dawa kwanza. Anataja wenzake. Rika limekwisha. Afisa anayewakusanya wazee watano wa kitongoji kwenye baraza la mtu mara moja kwa wiki amefanya kazi ya kitaalamu kabisa, hata kama kwa mpita njia ni watu wamekaa juani. Na yeye mwenyewe, akikaa hapo, anafundishwa bure historia ya ardhi, ndoa na magomvi ya kijiji ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Mwaka wa tatu wa kazi yake atasuluhisha mgogoro wa mpaka wa shamba kwa sababu alimsikiliza mzee mmoja mwaka wa kwanza.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kumhudumia mzee kwa mshahara ni tabia ya kizungu, kwamba upendo haulipwi. Watu wanaoisema hawajatazama mila zao wenyewe. Mkunga wa jadi alipewa kuku au kanga. Mganga alipewa mbuzi, tena hakuanza kazi kabla hajamwona. Mshenga hulipwa mpaka leo, na sijasikia ukoo wowote ukilalamika kwamba mshenga ameuza mapenzi ya maharusi. Wazee wetu walijua kwamba penye ufundi pana ujira, na kwamba kumwacha fundi aende mikono mitupu ni aibu kwa mwenye nyumba. Kilicho kigeni hapa ni hili la kumfanyisha kazi kijana mwenye shahada miaka miwili, mitatu, kwa jina la kujitolea, huku tukimwita mwenye moyo.

Wapo pia wanaosema kwa uchungu, na hao ni maofisa wenyewe, kwamba malipo ninayoyasifu ni ya kusimulia tu. Wazee wanakufa. Unamzoea mtu, unajua anavyopenda uji wake, na Jumatatu unaambiwa amezikwa Jumamosi. Usahaulifu wa uzeeni humfanya bibi uliyemhudumia mwaka mzima akuite mwizi mbele ya watu. Macho mekundu ya moshi wa kuni bado yanaweza kumletea mwanamke mzee jina la uchawi, na ukimtetea jina hilo linaweza kukugeukia. Sina jibu la kuufuta uchungu huo, na sitaki kuufuta. Ninachokiona ni kwamba maofisa wanaodumu wana mtu wa kazi moja wa kumweleza. Afisa mmoja peke yake kwenye kata tatu, asiye na msimamizi anayemuuliza "umelalaje?", huvunjika. Wawili wanaokutana kila Ijumaa hucheka, huzika pamoja, na kesho yake huenda.

Kwa hiyo tukirudi kwenye mpango wa wahudumu wa afya, naona unaweza kuipa kazi hii uhai mpya tukiufahamu vizuri. Mhudumu wa kitongoji atakuwa jicho: atajua bibi gani hajatoka nje siku tatu, babu gani simu yake inashikwa na mtu mwingine. Lakini jicho bila mkono linaumiza. Utakuwa na orodha ndefu za wazee wenye shida na hakuna wa kuzifanyia kazi. Kata nyingi za mikoa yetu hazina afisa ustawi wake. Nafasi hizo zikijazwa na vijana ambao tayari wanajitolea kwenye ofisi hizohizo, kila taarifa ya mhudumu itapata mwenyewe. Na bima itakapohitaji kujua nani kweli hana uwezo, hatutabaki kumtegemea mwenyekiti anayewajua vizuri zaidi wale waliompigia kura.

Siku ile kijijini, afisa alikuwa amekuja kwa pikipiki ya kuazima, na mafuta alinunua mwenyewe, lita mbili. Tulipoaga, bibi alimfungia viazi kwenye kiroba. Afisa alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akavifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Viazi vile vilikuwa shukrani ya bibi, na ilikuwa haki yake kushukuru. Mafuta yalikuwa deni la halmashauri. Mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti Januari na Februari. Lita mbili kwa kijiji, mara vijiji vya kata, mara majuma ya mwaka, ni hesabu ambayo diwani yeyote anaweza kuipiga kabla hajaingia kwenye kikao hicho.